Anapotuhumiwa Mwenzetu: Vyama vya Siasa na Kashfa za Wanachama Wake

Katika semina zetu za utawala bora kwa kamati za sharika, kuna swali linalorudi kila mara. Mwezeshaji akishaeleza habari za uwazi na uwajibikaji, mzee au mama kutoka milimani husimama na kuuliza: "Mbona wakubwa wakituhumiwa, vyama vyao huwahamisha tu, lakini sisi tukipoteza risiti moja ya saruji tunaandikiwa barua?" Watu hucheka, kisha hunyamaza, maana swali lenyewe ni zito.

Katika toleo hili tumeona vema kulijibu. Hatumpigii debe mtu wala chama chochote. Tunataka kueleza jinsi vyama vinavyofanya pale mwanachama wake anapotuhumiwa, kwa mifano iliyo wazi kwa umma, mmojawapo ukiwa wa hapa hapa Morogoro. Mwisho tutasema pia yaliyotupata sisi wenyewe, kwa sababu si haki kunyooshea vyama kidole huku tumefunga mlango wa nyumba yetu.

KWA NINI CHAMA HUSITA

Chama ni watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Wamelala njiani pamoja wakati wa kampeni na wamezikiana ndugu. Mmoja akituhumiwa, wengine husikia kama wametuhumiwa wote. Hilo ni jambo la kibinadamu, na lipo katika kila kikundi, kuanzia Kamati Kuu hadi kikundi cha kuweka na kukopa.

Lakini kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya kisheria. Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe na chama hicho. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomfikisha bungeni, anapoteza kiti. Kwa hiyo chama kinapomfukuza mbunge wa jimbo, kinafungua uchaguzi mdogo ambao kinaweza kushindwa. Ruzuku ya serikali nayo hutegemea matokeo ya uchaguzi. Viongozi wanapokaa kujadili tuhuma, hesabu hizo zinakuwa mezani pamoja na ushahidi.

Ndiyo maana mara nyingi huchaguliwa njia rahisi. Chama hukana kabla ya kuchunguza, hunyamaza mpaka watu wasahau, humhamisha mhusika au humwacha nje ya uteuzi bila maelezo. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni kwamba siku hizi kombe linafunikwa mbele ya watu wote, na kila mtu ameshaona kilichomo.

Ili kupima kama chama kimeshughulikia kashfa kwa haki, sisi tunatumia maswali matatu:

1. Je, aliyetoa habari analindwa?
2. Je, aliyetuhumiwa anasikilizwa na watu wasio na upande?
3. Je, matokeo yanatangazwa, yawe ya hatia au ya kusafishwa?

SWALI LA KWANZA: ALIYETOA HABARI ANALINDWA?

Wengi wetu tunapita Mazimbu na Dakawa tukijua kwamba wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliishi huko. Wachache wanajua kwamba chama chao, ANC, kiliwahi kufanya mkutano mkubwa hapa Morogoro kwa sababu ya malalamiko ya wanachama dhidi ya viongozi wao wenyewe.

Mwaka 1967 vijana wa jeshi la ANC walipigana huko Wankie, Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Baadhi yao, akiwamo Chris Hani, walikimbilia Botswana wakafungwa. Walipotoka na kurudi kambini, waliona kwamba viongozi walio uhamishoni hawakujali yaliyowapata. Mwanzoni mwa mwaka 1969, Hani na wenzake sita waliandika waraka. Walilalamika kwamba viongozi wamezoea maisha ya uhamishoni na safari za nje, kwamba kuna upendeleo na biashara zisizoeleweka, na kwamba mapambano ya nyumbani yamesahaulika.

Je, hatua ya kwanza ilikuwa kuchunguza waraka? Hapana. Waandishi wake ndio waliofikishwa mbele ya chombo cha nidhamu na kuondolewa kwenye chama. Wapo waliotaka wapewe adhabu ya kifo.

Hata hivyo malalamiko hayakuisha, na Oliver Tambo, aliyekuwa akiongoza ANC, aliona kwamba kuwanyamazisha saba hakutatosha. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, wajumbe zaidi ya 70 walikutana Morogoro. Viongozi walikosolewa waziwazi. Tambo mwenyewe alitoa kujiuzulu kwake, na wajumbe wakamrudishia uongozi. Halmashauri ya chama ilipunguzwa kutoka watu 23 hadi 9. Hani na wenzake walirudishwa, na miaka michache baadaye Hani mwenyewe akaingia katika uongozi wa juu.

Funzo la mkutano huo kwetu ni hili: chama karibu kiwapoteze watu wake waaminifu kwa sababu tu walisema. Kiliponusurika, ni kwa kuwa kiongozi mkuu alikubali naye kuhojiwa. Chama kinachoanza na swali la "nani ametoa siri hii?" badala ya "je, ni kweli?" kimeshakosea kabla ya kufika katikati ya safari.

Wala tusidhani kwamba kupita mtihani mara moja kunatosha daima. Chama hicho hicho kilipokuwa madarakani kilikumbwa na kashfa nyingi. Mkutano wake mkuu wa mwaka 2017 uliamua kwamba kiongozi aliyeshtakiwa mahakamani kwa rushwa akae pembeni, lakini ilichukua hadi Mei 2021 ndipo Katibu Mkuu wake, Ace Magashule, aliposimamishwa kwa kukataa kukaa pembeni.

SWALI LA PILI: ALIYETUHUMIWA ANASIKILIZWA?

Hapa ndipo sisi wenye hasira na ufisadi tunapokosea. Tukisikia jina, tunataka mtu aondoke leo. Lakini haki ya kusikilizwa ni ya kila mtu, hata yule tusiyempenda.

Mfano wa kwanza ni wa Richmond. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame, na kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa umeme wa dharura ambao haikuweza kuutekeleza. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela kwa tiketi ya CCM. Ripoti ilisomwa Februari 2008. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, na Rais Jakaya Kikwete akaunda upya Baraza la Mawaziri.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza ni la kupongeza: mbunge wa chama tawala aliongoza uchunguzi uliowagusa vigogo wa chama chake, na hakuzuiwa kusoma ripoti. La pili ni lalamiko la Lowassa mwenyewe aliposimama bungeni, kwamba kamati haikumwita kumhoji. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini lalamiko hilo liliishi miaka yote iliyofuata na likawapa wafuasi wake hoja. Uchunguzi unaoacha mlango kama huo wazi unajidhoofisha wenyewe.

Mfano wa pili ni wa Chadema. Novemba 2020 wanawake 19 wa chama hicho, wakiongozwa na Halima Mdee aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wanawake la chama, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama kilisema hakikuwateua. Siku chache baadaye Kamati Kuu iliwavua uanachama. Walikata rufaa, na Mei 2022 Baraza Kuu likaitupa rufaa yao kwa kura nyingi sana.

Walikwenda mahakamani. Desemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa rufaa. Sababu ilikuwa rahisi kueleweka hata kwa kamati ya usharika: wajumbe wa Kamati Kuu waliokwisha kuwahukumu walikaa tena katika Baraza Kuu kuamua rufaa ya hukumu yao wenyewe. Chama kilichoamini kwamba kina haki yote kilishindwa kwa kukosea utaratibu, na suala likavutwa karibu kipindi chote cha Bunge hilo.

Ndugu wajumbe, hebu tujiulize ni mara ngapi katika kamati zetu yule anayeshtaki ndiye anayeandika muhtasari, ndiye anayepiga kura, na rufaa ikija ndiye mwenyekiti.

SWALI LA TATU: MATOKEO YANATANGAZWA?

Hili ndilo swali ambalo vyama vyetu vimelijibu vibaya kuliko yote.

Aprili 2011 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Dodoma na kutangaza kile kilichoitwa kujivua gamba. Sekretarieti nzima ilijiuzulu, na wanachama waliohusishwa na kashfa wakatakiwa wajipime na kuondoka wenyewe. Zilitajwa siku 90. Julai 2011 Rostam Aziz alijiuzulu ubunge wa Igunga na nafasi zake za chama. Wengine waliotajwa kwenye magazeti, Lowassa na Andrew Chenge, walibaki, na muda ukapita. Wananchi hawakuelezwa ni tuhuma gani zilithibitika na zipi hazikuwa na msingi.

Mwaka uliofuata mambo yaligusa mkoa wetu. Aprili 2012, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kujadiliwa, wabunge walianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Mwezi Mei Rais alibadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita. Wawili walikuwa wabunge wa Mkoa wa Morogoro: Mustafa Mkulo wa Kilosa, aliyekuwa Fedha, na Dk. Haji Mponda wa Ulanga Magharibi, aliyekuwa Afya. Naibu wake, Dk. Lucy Nkya wa Morogoro Kusini Mashariki, jimbo linalogusa miteremko ya Uluguru, naye aliachwa, baada ya miezi ya mgomo wa madaktari.

Hatusemi kwamba watu hao walikuwa na hatia. Tunachosema ni kwamba kuachwa nje si hukumu wala si kusafishwa. Kama walikosea, wapiga kura wao walistahili kuelezwa kosa. Kama hawakukosea, wao wenyewe walistahili kusafishwa mbele ya watu wa Kilosa, Malinyi na Mkuyuni. Badala yake kila mtu aliachiwa ajaze mwenyewe, na kwenye vijiwe vya kahawa watu hujaza kwa ukarimu mno.

Ukimya huo una matunda yake. Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma hadharani katika viwanja vya Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya watu 11 ambao chama chake kiliwatuhumu kwa ufisadi. Lowassa alikuwamo. Julai 2015, CCM ilipokata jina lake katika kinyang'anyiro cha urais, Lowassa alihamia Chadema na akawa mgombea wa muungano wa upinzani. Alipata kura zaidi ya milioni 6. Dk. Slaa alijitenga na uamuzi huo na kuacha siasa za vyama. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM na kupokewa. Alifariki Februari 2024. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa Richmond, wala hatukuona chama chochote kati ya viwili kikionyesha kosa lake au kumsafisha kwa hoja zilizochunguzwa. Walichofanya wote wawili ni kumwita fisadi akiwa upande wa pili, na kumwita mwenzetu akiwa upande wao. Mwananchi wa kawaida anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba tuhuma ni silaha tu, na anaacha kusikiliza hata siku ile tuhuma ni ya kweli.

SI AFRIKA PEKE YAKE

Marafiki zetu wa Ujerumani wanaosoma gazeti hili wanakumbuka yaliyokipata chama cha CDU. Mwishoni mwa mwaka 1999 Helmut Kohl, aliyekuwa Kansela kwa miaka 16, alikiri kupokea michango ambayo haikuandikwa kwenye hesabu za chama. Alikataa kuwataja waliotoa, akisema amewapa ahadi. Angela Merkel, wakati huo Katibu Mkuu, aliandika gazetini kwamba chama kijifunze kutembea bila mzee wake. Januari 2000 Kohl aliacha uenyekiti wa heshima. Wengi waliona Merkel amekosa adabu, lakini miezi michache baadaye chama chenyewe kilimchagua kuwa mwenyekiti.

Na hapa kwetu upo mfano mwema wa zamani. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Hakuua yeye. Alisema ni wizara yake, na akaondoka. Sababu ilijulikana, wajibu ulijulikana, na kwa hiyo hakuwa na doa la siri. Mwaka 1985 alikuwa Rais. Anayewajibika waziwazi huachiwa mlango wa kurudi.

NA SISI JE?

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja ambao hatutautaja, tulikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa wa kopa mbuzi lipa mbuzi. Familia ikipata mtoto jike wa kwanza inampeleka kwa familia inayofuata. Mama mmoja mjumbe wa kamati alituambia kwamba baadhi ya mbuzi walioandikwa "wamekufa" walionekana mnadani.

Wageni wafadhili walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Ofisi yetu ilishauri tusubiri waondoke. Ndugu wasomaji, hayo tuliyasema sisi, watu wa semina za utawala bora. Wageni walikuja, wakaimbiwa, wakaonyeshwa mbuzi waliokuwapo. Walipoondoka, kamati ilimwita yule mama mchochezi. Mhusika alishukuriwa kwa utumishi wake na kuhamishiwa kamati nyingine. Mama hakuja tena kwenye vikao.

Uvumi ulikua. Ilisemwa mbuzi kumi na tano wameliwa. Familia zilizokuwa zinangojea zamu zikaacha kuchangia dawa za mifugo. Mwisho tulifanya kile tulichopaswa kufanya mwanzo. Tulituma watu watatu kutoka nje ya usharika, wakapita nyumba kwa nyumba. Walikuta mbuzi wengi walikufa kweli, kwa ugonjwa, na majirani walishuhudia. Watatu tu waliuzwa, na mhusika alikiri na kuwalipa. Kwa hiyo tulikuwa tumemkosea mama kwa kumnyamazisha, tumezikosea familia, na hata huyo mhusika tulimkosea, maana alibeba lawama ya mbuzi kumi na tano kwa kosa la watatu. Tuliwaandikia wafadhili na kuwaeleza yote. Hawakuondoka. Walichouliza ni kwa nini tulichelewa.

Tulikwenda nyumbani kwa mama kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa uji. Kwenye kamati amekataa kurudi.

TULIYOAMUA

Tangu hapo tunaomba kila kamati ya mradi ifuate haya:

- Taarifa ya tuhuma ipokelewe na watu wawili, na mmoja awe nje ya kamati inayohusika.
- Jina la aliyetoa taarifa lisitajwe kikaoni bila ridhaa yake.
- Mtuhumiwa akae pembeni kwa muda maalumu, bila kuitwa mkosaji, na apewe tuhuma kwa maandishi ili ajibu.
- Aliyeshtaki asihukumu, na aliyehukumu asisikilize rufaa.
- Matokeo yasomwe mbele ya wanamradi wote na kupelekwa kwa wafadhili ndani ya siku 30, hata kama yanatuaibisha. Asiye na kosa asafishwe mbele ya watu wale wale waliosikia tuhuma.

Vyama vya siasa ni vikubwa kuliko sisi, lakini watu waliomo walijifunza uongozi mahali fulani. Wengi walianzia kwenye kamati ndogo kama zetu, wakaona jinsi jambo la aibu linavyomalizwa, na wakaondoka na desturi hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Mara ya mwisho mtu alipoleta habari mbaya katika kamati yetu, tulimuuliza nini kwanza?
2. Je, yupo mtu katika usharika wetu anayeishi na tuhuma ambayo haikuthibitishwa wala kufutwa? Tufanye nini juu yake?
3. Mgombea akija kuomba kura kwetu, tumuulize chama chake kilimalizaje kashfa ya mwisho ya mwanachama wake?

Tunaomba kamati zitume majibu ya majadiliano haya ofisini kupitia kwa wachungaji wa sharika.